Mkono wa Anusaya, Sikio la Sarika

Saa kumi na mbili asubuhi, Anusaya Gavhane anavua ndara zake, anaziacha kwenye tuta na kuingia shambani peku. Anainama, anafukua kwa vidole mpaka kiganja chote kinazama, kisha anatoa konzi ya udongo mweusi na kuufinyanga tonge. Tonge hilo analiachia lianguke miguuni pake. Linapasuka vipande viwili tu.

"Leo au kesho," anasema. "Keshokutwa tutakuwa tunapanda vumbi."

Anasema kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama anavyosema kila kitu siku hizi. Bhimrao Katkar, mwenye shamba, yuko pale pale akiwafunga nira maksai wake wawili, wala hana haja ya kupigiwa kelele. Anacheka chini ya masharubu na kuendelea na kamba zake.

Nyuma ya Anusaya amesimama mkamwana wake, Sarika. Amejitanda kichwa kwa kumheshimu Bhimrao, na mkononi ameshika kitu ambacho hakuna mkamwana mwingine wa Kajalgaon aliyewahi kukishika mbele za watu: pindo la sari ya mama mkwe wake.

Huko barabarani wanawake watatu wanaokwenda kisimani wamepunguza mwendo. Mmoja wao ni Chhabubai, jirani ambaye hajawahi kupitwa na jambo. "Jamani, mmemfunga kamba kama mbuzi?" anauliza.

Anusaya hamjibu. Hajamsikia, na hapo ndipo penye habari yote.

Kajalgaon ni kijiji cha udongo mweusi, katika wilaya ya Solapur. Juu kwenye vilima, ambako udongo ni mwekundu na wenye mawe, watu hupanda uwele na mbaazi mvua za kwanza zikigonga mwezi wa sita, na mashamba yao hubadilika rangi mapema. Huku bondeni mashamba hukaa tupu msimu mzima wa mvua. Yanalimwa, yanapaliliwa magugu, yanaachwa yanywe. Mvua ikishaaga, watu wengine wakiwa wanajiandaa kuvuna, hapa ndipo mtama unapopandwa. Baada ya hapo hakuna tone. Mtama hukua kwa maji yaliyojificha chini na umande wa usiku, na udongo unavyokauka hupasuka mipasuko inayoweza kumeza mguu wa mtoto.

Sarika alipoletwa hapa kama bibi harusi, miaka mitatu iliyopita, alidhani amepelekwa kwa vichaa. Kwao ni upande wa mto, kwenye miwa na mifereji, ambako mtu hufungua maji kwa jembe na kwenda kulala. "Nilimuuliza mume wangu, hivi hawa wanasubiri mvua iishe ndiyo wapande?" anakumbuka. "Akaniambia, muulize mama. Nikamuuliza mama. Mama hakunijibu."

Kutojibiwa huko tutakurudia.

Chombo cha kupandia ni cha mbao: gogo lenye meno matatu, kila jino na mrija wake wa mwanzi, na mirija yote inakutana juu kwenye kikombe chenye matundu matatu. Mwanamume huwaongoza maksai na kukikandamiza chombo kiingie ardhini. Mwanamke hufuata nyuma, mtama umejaa kwenye mkunjo wa sari kiunoni. Huuchota kwa mkono wa kulia na kuuachia ngumini kidogo kidogo ndani ya kikombe, ugawanyike sawasawa kwenye matundu matatu huku maksai wanatembea.

Ni kazi ya ngumi, lakini anayeiamua ni sikio. Punje zinaposhuka kwenye mwanzi hutoa mchakacho mwembamba, na mwanamke anayeijua kazi huisikia mirija yote mitatu kwa pamoja. Mmoja ukinyamaza, maana yake tope limeziba jino chini, na mbegu haziingii ardhini. Zinajaa tu ndani ya mwanzi, kimya kimya, bila yeyote kuona kitu mpaka mrija ufurike.

Anusaya, mwenye miaka sitini na ushei, ameifanya kazi hii tangu mama mkwe wake alipomkabidhi kikombe. Kwa miaka mingi aliyewaongoza maksai alikuwa marehemu mumewe, Dnyanoba. Majirani walipoona mistari yao ilivyonyooka wakaanza kumwita kwenye mashamba yao. Kajalgaon hawasemi wanatafuta kibarua wa kupanda. Wanasema wanaomba mkono, na walipotamka hivyo bila kutaja jina, walikuwa wanamtaja yeye. Kwa siku alilipwa rupia mia mbili na hamsini na kibaba cha mtama, na siku za kupanda ni chache mno. Hakuwa anatajirika. Alikuwa anaheshimika, na kwa mjane ambaye mwanawe yuko Pune anaendesha bajaji, hilo si jambo dogo.

Masikio yalianza kumwondoka polepole. Kwanza ndege, kisha kengele ya hekalu, kisha watu wanaoongea wakiwa wamempa mgongo. Hakumwambia mtu. Alijifunza kutazama midomo, kucheka wenzake wanapocheka, na kujifanya ana shughuli anaposemeshwa kutoka nyuma. Shambani alijipa moyo kwamba ngumi yake inajua kazi hata bila kuambiwa.

Mwaka jana, katika shamba hili hili la Bhimrao, ngumi haikujua. Jino la katikati liliziba asubuhi na mapema. Anusaya alizunguka nalo, wakaenda, wakageuza, wakaenda tena, mpaka alipoona tundu la katikati la kikombe limeanza kufurika. Alielewa papo hapo. Wakati Bhimrao ameinama kuwanywesha maksai, alichukua kijiti, akazibua, akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

"Ningesema saa ile, tungerudia ile mistari jioni hiyo hiyo," anasema leo, na haitazami kamera ya mpiga picha wetu. "Maji yalikuwepo bado juu. Nilifungua mdomo. Nikaona akishajua mrija umeziba, atauliza kwa nini sikusikia. Nikaufunga."

Kwa siku sita aliishi na siri hiyo peke yake. Kila asubuhi alipita barabarani akijidai anakwenda kuokota kuni, akitazama udongo. Siku ya sita mtama uliota. Uliota mstari mmoja, ukaacha mmoja, ukaota mmoja, upana wa robo ya shamba, na kila mtu aliyepita aliona.

Chhabubai ndiye aliyelibatiza shamba hilo jina. "Anusaya kapanda njia ya reli," alisema kisimani, na kufikia jioni hakuna aliyekuwa hajasikia isipokuwa aliyesemwa.

Bhimrao hakufoka. Pengine ingekuwa nafuu kama angefoka. Alisimama kwenye tuta, akatazama, akarudi nyumbani. Mavuno yalipungua, na zaidi ya nafaka yalipungua mabua, ambayo ndiyo chakula cha mifugo mpaka mvua zirudi. Mwezi wa nne alimuuza ndama wake mmoja kwa sababu hakuwa na cha kumlisha.

Lakini kabla ya hapo, asubuhi ya pili baada ya mtama kuota, Anusaya alichukua mti wenye ncha, ndoo ya maji na mbegu za kardai, ule mmea wa miiba unaokamuliwa mafuta, ambao mizizi yake hufuata maji chini kuliko mimea mingine. Alikwenda bila kuitwa na bila kulipwa, akapiga magoti kwenye mstari mtupu wa kwanza, akaanza kutoboa shimo moja moja. Sarika alimfuata na ndoo ya pili.

Walikwenda hivyo siku kadhaa, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakitambaa. Ilikuwa siku ya tatu, Sarika alipoona kikuku cha fedha cha mama mkwe wake kimefunguka na kubaki kwenye udongo.

"Mama, kikuku chako," alimwambia.

Anusaya aliendelea kutoboa.

"Mama. Kikuku kimeanguka."

Hakugeuka. Sarika alisema tena, kwa sauti zaidi, kisha akamtazama yule mwanamke mgongoni. Halafu akajaribu neno ambalo hakuna mkamwana anayethubutu kulitamka. Alimwita kwa jina lake kavu, kama anavyoitwa mtoto.

"Anusaya!"

Mgongo haukutikisika.

Sarika anasimulia haya akiwa jikoni kwake, anapigapiga unga wa mtama kwenye viganja mpaka uwe mkate mwembamba wa duara, na inambidi auweke chini. "Miaka miwili nilikuwa nalia usiku," anasema. "Nauliza kitu, hajibu. Naaga, hajibu. Nilimpigia simu mama yangu nikamwambia mwanamke huyu hanitaki, ananinunia tangu siku ya kwanza. Nilishafunga hata nguo zangu mara moja. Kumbe maskini hakuwa ananisikia."

Siku ile alitambaa mpaka mbele, akakaa kwenye udongo akamtazama mama mkwe wake usoni. Akaonyesha sikio. Anusaya alikana kwanza. Akasema ni upepo, akasema ni nta. Kisha akaona kikuku chake mkononi mwa Sarika, akaelewa ameitwa mara ngapi. Alijifunika uso kwa pindo la sari.

"Aliniuliza, mnajua wangapi?" anasema Sarika. "Nikamwambia, mimi tu. Akaniuliza, utamwambia mumeo? Nikamwambia, nitamwambia mama yangu, maana nilimsema vibaya mtu."

Walimaliza mistari yote. Kardai iliota, na mwezi wa pili ilichanua njano katikati ya mtama mweupe. Hilo halikuwazuia watu kucheka. Wengine walisema sasa reli imewekewa taa.

Walikwenda mjini kwa daktari wa masikio. Daktari alimjaribishia Anusaya kifaa cha kusikia cha bei anayoiweza, akampa na muda wa kukizoea. Shambani kifaa kilimletea upepo na kengele za maksai kwa wingi, mbegu hakikumletea hata moja. Siku hizi hukivaa kwenye harusi.

Mwaka huu mvua zilipoaga, watu walianza kuita trekta lenye mashine ya kupandia kutoka kijiji cha pili. Hakuna aliyekuja kuomba mkono. Anusaya alifagia ua mara tatu kwa siku ili awe karibu na mlango. Alikiosha kikombe chake cha mbao, kile kinachochomekwa juu ya mirija, akakianika, akakiosha tena.

Jioni moja Bhimrao akaja. Alikaa kibarazani, akapewa chai, akainywa yote kwenye kisosi, kama ilivyo desturi yake. Kisha akamgeukia, akahakikisha anamtazama.

"Shemeji, mkono upo?"

Anusaya alikuwa amelingojea swali hilo kwa juma zima, na jibu alikuwa nalo tayari. Lakini kilichomtoka hakikuwa alichokuwa amekiandaa.

"Mkono upo, shemeji. Sikio ndilo limekwenda. Lilikwenda tangu kabla ya mwaka jana. Nilijua mrija umeziba, nikakunyamazia."

Bhimrao aliweka chini kisosi chake kitupu. Alimwambia kwamba yeye na marehemu Dnyanoba walikua pamoja na kuchunga pamoja, na kwamba mistari haikumuuma hata kidogo, kwani kila mwenye shamba amewahi kupata mstari mtupu. "Zile siku sita ndizo zilizoniuma," alisema. "Nilikuwa nakupita barabarani, unaniamkia vizuri tu."

Anusaya hakujitetea. Alisema, "Kweli," akatazama chini.

Bhimrao akavuta masharubu. Akasema kama ni sikio tu, basi angemwazima la maksai wake wa kulia, maana analo kubwa na halimsaidii kitu. Hapo ndipo sauti ikatoka jikoni, ya mtu ambaye kwa desturi hakutakiwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa.

"Sikio lipo, baba," alisema Sarika. "Ni langu."

Mpango ulikuwa wa Sarika mwenyewe, naye alikuwa ameshaufanyia mazoezi uani na mama mkwe wake, kwa mwanzi mmoja na konzi ya mtama. Atatembea nyuma ya Anusaya akiwa ameshika pindo. Mrija wa kulia ukinyamaza, atavuta mara moja. Wa katikati, mara mbili. Wa kushoto, mara tatu. Yote yakiwa sawa, asivute kabisa.

"Nilimwambia, usije ukavuta kwa sababu umeona nyoka," anasema Anusaya. "Nyoka piga kelele tu."

Ndivyo ilivyo asubuhi hii. Maksai wanaanza kutembea, meno matatu yanazama, ngumi ya Anusaya inafunguka. Sarika ameinamisha kichwa, ushungi ameusukuma nyuma ya sikio, na midomo yake inatembea kidogo kama mtu anayesali. Bhimrao, anayependa sana kuzungumza na maksai wake, leo amekatazwa.

Wanakwenda na kurudi, wanakwenda na kurudi. Chhabubai amesharudi kutoka kisimani na mtungi wake, na badala ya kwenda nyumbani ameuweka chini.

Jua limeshapanda wakati pindo linapovutwa. Mara mbili.

Anusaya anasimama kama aliyekanyaga mwiba. Tangu aanze kushika kikombe hajawahi kumsimamisha mwongoza maksai. Siku zote alizibua mwenyewe huku anatembea, na ilikuwa fahari yake. Mkono wake unakwenda kwenye kijiti kiunoni. Unakaa hapo. Mgongo wa Bhimrao uko mbele yake, na barabarani watu wanatazama.

"Simama!" anapiga kelele, mpaka kunguru wanaruka. "Shemeji, simama! Umeziba!"

Bhimrao anawavuta maksai. Anakuja nyuma, anakiinua chombo, na kweli jino la katikati limejaa tope. Analitoa kwa kidole. Anawarudisha maksai nyuma mpaka mahali Sarika anapowaonyesha, na wanaanza tena. Anusaya anafuta macho kwa bega, kwa kuwa mikono yote miwili ina kazi.

Mzunguko wa mwisho, karibu na tuta la mbali, Anusaya anafanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Anakunjua mtama uliobaki kwenye sari yake, anaumiminia kwenye sari ya Sarika, na anamkabidhi kikombe.

Sarika anakataa kwa kichwa, mama mkwe wake naye anatazama pembeni asimwone. Hilo amelijua zamani: asiyetazama midomo hasikii.

Siku ya sita shamba limeota. Anusaya na Sarika wanalifikia umande ukiwa bado haujakauka, na Bhimrao ameshatangulia, anatembea na mikono nyuma. Mistari imesimama mitatu mitatu, kijani chembamba juu ya weusi, kutoka barabarani mpaka tuta la mbali. Anusaya anaifuata yote, mmoja baada ya mwingine, anainama hapa na pale. Hakuna pengo.

"Leo treni haipiti?" Bhimrao anamuuliza Chhabubai, ambaye naye, kwa bahati tu, alikuwa akipita. Chhabubai anasema kwamba yeye alisema siku zote kuwa mkono wa Anusaya haujawahi kuwa na mwenzake. Anasema hivyo akiwa amemkazia Anusaya macho na kufungua mdomo vizuri, ili neno lisipotee.

Kwenye tuta la mbali kuna mistari mitatu ya mwisho. Mwanzoni mimea imebanana kama nywele za kichwani, kisha inapungua, kisha inatoweka kwa hatua kadhaa, kisha inarudi kwa fujo. Sarika ameiona tangu mbali, na tangu mbali amepunguza mwendo.

"Na huu ni mkono wa nani?" anauliza Bhimrao, ingawa anajua.

Sarika anasema atairudia leo leo, kwa mti na ndoo. Mama mkwe wake anamwekea mkono begani. Anasimulia kwamba mistari yake ya kwanza ilikuwa mibaya kuliko hii, na mama mkwe wake hakumruhusu kuirudia. Anusaya aliipalilia mwenyewe, akaivuna, na mtama wake ukamiminwa kwenye sari yake, ukawa wake peke yake. Alipika mkate wake wa kwanza ambao haukuwa wa mtu mwingine.

Bhimrao anaitazama mistari, ambayo ni yake, katika shamba lake. "Iacheni," anasema. "Mtama wake utakuwa wa mkamwana. Mwaka kesho mje wote wawili."

Amesema akiwa ametazama pembeni, na Anusaya hakuweza kuisoma midomo yake. Anamgeukia Sarika aseme. Sarika anamrudia polepole, akitamka kila kitu, naye anaitikia kwa kichwa kila neno mpaka mwisho.

Mpango wake wa mwaka kesho anao. Kikombe kitakuwa cha Sarika tangu mzunguko wa kwanza. Yeye atatembea nyuma, ameshika pindo la mkamwana wake. Anapoulizwa atalishikia nini, ilhali hasikii, anashangaa swali lenyewe.

"Macho si ninayo? Nitamtazamia ngumi," anasema. "Na nikichoka, atanikokota."

Wanarudi nyumbani kwa njia ya katikati ya mashamba, mmoja mbele mwingine nyuma, maana njia ni nyembamba. Mbegu zimekwisha, mirija imeanikwa nyumbani kwa Bhimrao, na Sarika bado ameshika pindo.